Tabora School na Historia ya Kumi Bora

Julai 2016, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha sita, shule sita kati ya kumi bora zilikuwa za serikali. Namba moja ilikwenda kwa Kisimiri, shule iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru wilayani Arumeru, jina ambalo wasomaji wengi wa magazeti walilazimika kuuliza liko wapi. Tabora Wavulana ilikuwa ya sita, na nyuma yake zikafuatana Kibaha, Mzumbe, Ilboru na, mwisho kabisa, Tandahimba ya Mtwara. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, katika matokeo ya kidato cha nne, shule za serikali zilikuwa zimezoea kutajwa upande wa pili wa ukurasa, kwenye orodha ya kumi za mwisho. Kwa hiyo walimu wakuu wa sita hizo walipigiwa simu za pongezi na watu waliokuwa hawajawakumbuka kwa muda mrefu.

Tabora haikuwa ngeni kwenye pongezi. Imesifiwa kwa takriban miaka mia moja, na ukifuatilia imesifiwa kwa lipi katika kila kipindi, unagundua kwamba sifa ilikuwa ikibadilika kila serikali ilipobadili mawazo kuhusu mtu aliyesoma ni wa kazi gani.

Wajerumani walianzia Tanga. Shule ya kwanza ya serikali katika koloni lao ilifunguliwa huko mwaka 1892, wakati elimu ya pwani ikiwa ya madrasa na ile ya misheni ikiwa ndiyo kwanza inaenea. Walitaka makarani, walimu, wakalimani na maakida wa kukusanya kodi, watu ambao utii wao ungekuwa kwa boma. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, kikiandikwa kwa herufi za Kilatini mahali pa zile za Kiarabu zilizozoeleka pwani. Wavulana walifundishwa pia uchapaji, na katika mitambo ya shule hiyo ndimo lilimopigwa chapa gazeti la Kiongozi, lililosomwa mpaka bara. Hakuna aliyeishindanisha Tanga na shule nyingine. Ubora wake ulipimwa bomani, kwa karani kuweza au kushindwa kuandika barua isiyomtia aibu bwana mkubwa.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na mahitaji mengine. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, aliamini nchi itatawalika kwa urahisi zaidi kupitia machifu, na mwaka uliofuata Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ikapitishwa. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Chifu sasa alitakiwa kuwa na hazina, daftari la kodi na baraza lenye kumbukumbu zilizoandikwa, na machifu wengi hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Basi wasomeshwe watoto wao. Shule ya serikali ya Tabora, iliyoanza katikati ya miaka hiyo ya 1920, ilijengwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Mahali penyewe palikuwa pazuri kwa mpango wa namna hiyo. Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara tangu karne ya 19, na miembe iliyoachwa na wafanyabiashara wa zamani bado inatoa kivuli mjini. Reli ya kati ilifika Tabora 1912, kisha tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mtoto wa mkama wa Buhaya aliweza kuvuka Ziwa Viktoria kwa meli hadi Mwanza, akapanda treni, na kuteremka stesheni ileile aliyoteremkia mwenzake aliyetoka Dodoma au Kigoma. Walikuta jengo kubwa lenye matao, lililojengwa kwa ukubwa wa kumkumbusha mgeni ni nani mwenye nchi.

Miaka ya mwanzo wavulana walipangwa kwa makabila, kila kundi likiongozwa na mtoto wa chifu wake, ili mtawala na mtawaliwa wazoeane mapema. Mpango huo haukudumu. Mahali pake zikaja nyumba, viranja na nidhamu ya kengele, kwa mtindo wa shule za bweni ambako watu wakubwa wa Uingereza hupeleka watoto wao, na wakoloni wenyewe wakapenda kuiita Tabora "Eton" ya Tanganyika. Ilikuwa sifa ya kujipongeza. Walikuwa wameijenga wao, na wao ndio waliosema inafanana na ya kwao.

Wakati huohuo, kusini, kulikuwa na afisa elimu aliyeona kinyume. W. B. Mumford alifungua shule ya Malangali, Iringa, mwaka 1928, akitaka elimu iote kwenye mila za Wahehe na majirani zao. Wavulana walivaa shuka kama za wazee wao, walicheza ngoma na kushindana kurusha mikuki, na wazee wa maeneo hayo waliitwa kutoa ushauri kuhusu malezi. Mumford aliuandika mpango wake katika majarida ya kitaaluma, nao ukajadiliwa sana ng'ambo. Hapa nyumbani haukupata wafuasi. Wazazi waliokuwa wametoa mtoto akasome walitaka arudi na kitu ambacho kijijini hakipo, na mkuki ulikuwepo tayari. Ni vigumu kuwalaumu. Hata hivyo Malangali inastahili kukumbukwa, kwa sababu ni mara chache sana shule ya serikali katika nchi hii imejaribu kupimwa kwa kipimo cha watu walioizunguka.

Mwaka 1937 aliingia Tabora mvulana aliyeitwa Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akitokea shule ya Mwisenge, Musoma, ambako alimaliza masomo ya miaka minne katika miaka mitatu. Alikuwa na sifa zote mbili: ukoo wa kichifu, ingawa wa eneo dogo, na alama za juu. Kufikia wakati huo mtihani ulikuwa umeanza kuupita ukoo mlangoni, na watoto wasio wa machifu walikuwa wakiingia kwa kufaulu kwao. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba aliudhiwa na upendeleo waliopewa viranja, hasa wa kupata chakula maradufu, akaenda kulalamika kwa wakubwa wa shule. Baadaye naye akafanywa kiranja. Aliondoka 1942, akaenda Makerere mwaka uliofuata, na Desemba 1943 akabatizwa Julius.

Waliosoma Tabora walijaa kwenye safu ya mbele ya siasa ya Tanganyika. Kidaha Makwaia wa Usukuma alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Mwaka wa uhuru, 1961, Waziri Mkuu alikuwa Nyerere, na Januari 1962 alipojiuzulu ili akakijenge chama, aliyeshika nafasi yake ni Rashidi Kawawa, naye wa Tabora. Katika baraza la mawaziri alikuwamo Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe yenyewe, ambaye kwake shule ilikuwa nyumbani. Halafu, mwaka 1963, serikali hiyohiyo ikafuta utawala wa machifu. Ni shule chache zinazofanikiwa kiasi cha kuondoa sababu ya kujengwa kwao.

Wakati wa uhuru wanafunzi wa sekondari katika nchi nzima hawakufika 12,000. Kwa hesabu hiyo kila shule ya sekondari ilikuwa ya wateule, na kufika kidato cha kwanza kulitosha kuitishia ngoma kijijini. Shule mpya iliyovuta macho ilikuwa Kibaha, njiani kutoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, iliyojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki. Nyerere aliweka jiwe la msingi la kituo hicho Januari 1963, na sekondari ikaanza 1965. Haikuwa shule peke yake: pembeni kulikuwa na kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya kilimo, kwa wazo kwamba ujinga, maradhi na umaskini vishambuliwe kutoka sehemu moja. Miongoni mwa wanafunzi wake wa miaka ya mwanzo alikuwa Jakaya Kikwete. Wageni wa serikali walipelekwa kuiona, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa tuzo kubwa kwa shule ya umma: kutembelewa.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilibadilisha cha kusifia. Shule sasa ilitakiwa kuwa na shamba, na mwalimu mkuu alitoa taarifa ya magunia ya mahindi pamoja na taarifa ya mitihani. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. St Andrew's ikawa Minaki, St Francis ikabaki na jina la Pugu, Marian College ya masista wa Maryknoll mjini Morogoro ikawa Kilakala. Huko Tabora, St Mary's, ambako Nyerere alifundisha alipotoka Makerere, ikawa Milambo. Kwa siku moja, kisheria, shule za umma zilijipatia majengo imara, maktaba na desturi za kusoma ambazo hazikuzijenga. Sehemu ya fahari ya shule za serikali za miaka ya 1970 ilitokana na urithi huo, jambo ambalo halikutajwa sana majukwaani.

Mitihani nayo ilihamia nyumbani. Tanzania ilijitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na baraza lake lenyewe, NECTA, likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamua kwamba mtihani wa mwisho pekee usiamue hatima ya mtu. Kazi za darasani na mwenendo vikahesabiwa, na aliyetaka chuo kikuu alipaswa kwanza kufanya kazi na kupata barua ya mwajiri na ya chama. Katika mazingira hayo hapakuwa na orodha ya kumi bora, na kama ingekuwapo, isingejulikana ipangwe kwa alama au kwa magunia.

Lakini serikali hiyo iliyohubiri usawa haikuacha kuchagua. Ilikuwa na shule zake za vipaji maalumu: Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala na Msalato. Mtoto wa darasa la saba aliyefanya vizuri kupita wenzake alipewa nafasi huko bila kuuliza baba yake ni nani, na mara nyingi bila baba yake kujua shule yenyewe iko upande gani wa nchi. Mkaguzi wa tiketi wa treni ya kwenda Tabora aliwatambua kwa masanduku ya bati, ndoo mpya na barua ya kuitwa shuleni iliyokunjwa mara nne mfukoni. Wakifika bwenini walikuwa njuka, watu wa kutumwa maji, hata kama kwao walikuwa wa kwanza wilaya nzima. Kila mmoja aliyekuwa kitandani pembeni naye alikuwa wa kwanza wilaya nzima. Ugali na maharage, mchaka mchaka alfajiri, prepo usiku kwa taa zinazokatika. Watu waliopita huko hulikumbuka hasa jambo hili moja, la kugundua katika jaribio la kwanza kwamba wapo wengine.

Miaka ya 1980 iliziumiza shule hizo. Uchumi ulipoanguka, vioo vilivyovunjika havikubadilishwa, maabara zikabaki na chupa bila kemikali, na baadhi ya shule za bweni ziliwarudisha wanafunzi majumbani kabla ya muhula kwisha kwa sababu chakula kilikuwa kimekwisha. Mlango wa shule binafsi ulifunguka zaidi, na sera ya elimu ya 1995 ikaukubali rasmi. Mashirika ya dini, ambayo yalinyang'anywa shule mwaka 1969, yakaanza kujenga upya. Baada ya miaka michache majina yaliyosomwa juu ya orodha za kidato cha nne yalikuwa ya seminari, ya St Francis ya Mbeya, ya Marian ya Bagamoyo, ya Feza.

Orodha yenyewe sasa ilikuwa sherehe. Katibu Mtendaji wa NECTA alikaa mbele ya waandishi, akataja asilimia za ufaulu, kisha kila mtu akasubiri kumi bora na watahiniwa kumi bora. Jioni wazazi wa mwanafunzi wa kwanza kitaifa walionekana kwenye televisheni wakiwa wamevaa nguo za kanisani siku ya kazi. Mtu aliyepata "one ya saba" alijulikana mtaa mzima. Shule zilichapisha mabango makubwa, na ada ikapanda mwaka uliofuata. Shule ya serikali iliyoingia kumi bora haikuwa na ada ya kupandisha. Ilipata ng'ombe kutoka kwa mkuu wa mkoa, na kwenye mahafali wanafunzi wakasoma risala ileile: tunashukuru, tumefaulu, hatuna uzio, maabara ya fizikia inavuja, gari la shule ni bovu. Mgeni rasmi akaahidi mifuko ya saruji.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yaliharibu sherehe. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Shule za kata, zilizojengwa kwa haraka tangu 2004 ili kila kata iwe na sekondari, ndizo zilizobeba lawama. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zote zikapangwa kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Ulikuwa na wazo moja zuri, la kuzituza pia shule zilizopanda sana kutoka zilikokuwa mwaka uliotangulia, hata kama bado ziko chini. Shule iliyotoka mwisho ikafika katikati imefanya kazi kubwa kuliko iliyokaa juu miaka yote, na mwalimu yeyote analijua hilo. Mpango wenyewe ulififia baada ya miaka michache, na watu wakarudi kwenye kumi bora.

Ndiyo maana mwaka 2016 unavutia. Shule za serikali zilizokuwa hazionekani kidato cha nne ziliibuka kidato cha sita, tena kwa wingi. Haikuwa bahati ya mwaka mmoja: 2018 Kibaha ilikuwa ya kwanza na Kisimiri ya pili, 2019 Kisimiri ikarudi juu, na Mwandet, nayo ya Arusha, ikashika ya nne. Sababu haijafichika. Mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne kwa alama za juu, awe ametoka shule ya kata au shule ya ada ya mamilioni, serikali humpangia kidato cha tano katika shule zake, na wenye alama za juu zaidi katika sayansi hupelekwa Kibaha, Tabora, Mzumbe, Kisimiri. Shule ya binafsi inayomaliza ikiwa ya tatu kidato cha nne inaweza kuwa imemlea mwanafunzi atakayeipa Kibaha namba moja miaka miwili baadaye. Nani apongezwe? Tabora ya mwaka 1925 ilichagua kwa ukoo na Tabora ya leo inachagua kwa mtihani, na mabadiliko hayo ni makubwa kwa mtoto wa mkulima. Lakini zote mbili zimesifiwa kwanza kwa watu zilioingiza.

Kusema hivyo si kuwadharau walimu. Wanafunzi bora kabisa wanaweza kuharibiwa na shule mbovu, na historia ya miaka ya 1980 inatosha kuonyesha hilo. Kisimiri iko mlimani, mbali na mji, bila jina la kihistoria la kumvuta mtu, na bado ilizishinda shule zilizopokea wanafunzi wa aina ileile zikiwa na majengo ya wakoloni na ya Nordiki. Kazi ya ziada ilifanyika pale, na ndiyo ambayo orodha ya namba haiwezi kuionyesha. Inakuambia shule imefika wapi, haikuambii ilianzia wapi.

Serikali iliamua pia kutengeneza mapaa. Katika miaka iliyofuata 2016, fedha zilitolewa kukarabati shule kongwe zaidi ya themanini, Tabora Wavulana ikiwamo, na Ihungo ya Bukoba iliyobomolewa na tetemeko la Septemba 2016 ikajengwa upya. Wazee waliosoma kwenye mabweni hayo waliyakuta yamepakwa rangi, yana vyoo vya ndani, na wakasema maneno ambayo kila kizazi huwaambia waliokifuata.

Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne, Athumani Amasi wa NECTA alisema baraza halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora. Hoja yake ilikuwa kwamba zoezi hilo halina tija na kwamba lilikuwa likizitangazia shule biashara. Kenya ilitangulia: Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipiga marufuku upangaji wa shule mwaka 2014, kwa malalamiko yanayofanana na hayo. Nchini Tanzania uamuzi huo uligawanya watu. Wamiliki wa shule binafsi walinung'unika, na baadhi ya wazazi waliuliza watajuaje pa kupeleka pesa zao. Waliopoteza kimyakimya ni wale wa shule za serikali, kwa kuwa bango la mwenye shule linaweza kuchapishwa bila NECTA, lakini mwalimu mkuu wa Tandahimba hana bajeti ya bango.

Matokeo bado yanawekwa mtandaoni shule kwa shule, jina la mtahiniwa likifichwa kwa namba. Usiku yanapotoka, kuna watu wanaokaa na simu na karatasi, wanahesabu division one za Tabora, wanagawanya kwa idadi ya watahiniwa, wanalinganisha na Kibaha na Ilboru, na kabla ya asubuhi orodha ya kumi bora, isiyo na muhuri wa mtu yeyote, imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya waliosoma huko.